Wakili, Jaji, Mwanasiasa: Somo la Mipaka Kutoka kwa Safari ya David Maraga

Elimu ya Raia

Jina la David Kenani Maraga linafahamika katika kila soko la Kisii na Nyamira. Wapo wanaomkumbuka kwa uamuzi wa Septemba 1, 2017, uliofuta uchaguzi wa urais. Wapo wanaomkumbuka kama Msabato aliyesema wazi kwamba hangeketi kusikiliza kesi siku ya Jumamosi. Na tangu alipotangaza mwaka 2025 kwamba anataka kuwania urais katika uchaguzi wa 2027, wapo wanaomzungumzia kama mgombea tu.

Katika mazungumzo hayo kuna swali moja linalorudi mara kwa mara: "Alikuwa Jaji Mkuu kwa miaka minne. Mbona hakutusaidia sisi watu wa nyumbani?"

Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu limebeba kosa linalowagharimu wakazi wengi. Asiyejua tofauti ya kazi ya wakili, ya jaji na ya mwanasiasa hupeleka kesi ya shamba kwa diwani badala ya kuipeleka mahakamani. Humlipa dalali anayejigamba kwamba "anamjua jaji". Hungoja kiongozi amwombee msamaha, na huku siku za kukata rufaa zinapita. Akija kuamka, mlango umefungwa.

Somo hili linafuata safari ya Maraga hatua kwa hatua ili kuonyesha kile ambacho kila cheo kinaruhusu na kile kinachokataza. Halimpigii debe mtu yeyote wala halimpingi. Kumchagua au kutomchagua mtu ni haki ya mpiga kura peke yake.

1. Wakili wa mkoani

Maraga alizaliwa Januari 12, 1951, huko Bonyamatuta, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nyamira. Wakati huo hakukuwa na Nyamira kama eneo la utawala. Watu wa pande zote za Gusii walifuata huduma za serikali katika mji wa Kisii.

Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu mwaka 1977. Mwaka uliofuata alimaliza masomo katika Chuo cha Mafunzo ya Sheria nchini na kuapishwa kuwa wakili. Hakufungua ofisi katika jiji kuu. Alifanya kazi Nakuru, makao makuu ya mkoa wa Bonde la Ufa wakati huo, na huko alikaa kama wakili kwa takriban miaka 25.

Wakili wa mji wa mkoani ni kama daktari wa zahanati: hachagui ugonjwa. Asubuhi anaweza kuwa na ndugu wanaogombania shamba la marehemu baba yao, adhuhuri mfanyakazi aliyefutwa, jioni mzazi ambaye mwanawe amekamatwa. Hukumu haitoki kwake. Kazi yake ni kuusema upande wa mteja wake kwa nguvu zote ambazo sheria inaruhusu. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na wakili analipwa ili avutie kwa mteja.

Hata hivyo wakili naye ana mipaka. Haruhusiwi kuidanganya mahakama. Haruhusiwi kuwakilisha pande mbili zinazozozana. Siri za mteja ni lazima azitunze, na pesa za mteja, kwa mfano fidia ya ajali, si zake. Kila mwaka anapaswa kuwa na cheti kinachomruhusu kuhudumu, na mkazi ana haki ya kuuliza kama cheti hicho kipo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Mteja aliyedhulumiwa na wakili wake anaweza kulalamika kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

2. Kuvuka upande wa pili wa meza

Mwaka 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilianza kuisafisha idara ya mahakama baada ya ripoti kuhusu ufisadi miongoni mwa majaji na mahakimu. Majaji 23 wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa walitajwa, na nafasi nyingi zikabaki wazi. Maraga ni mmoja wa mawakili walioteuliwa kuwa majaji wa Mahakama Kuu mwaka huo.

Siku wakili anapokula kiapo cha ujaji, kazi yake hugeuka. Jana alivutia upande mmoja, leo haruhusiwi kuvutia upande wowote. Rafiki aliyekuwa akimpigia simu kuhusu kesi sasa anafanya kosa akimpigia. Ndugu wa ukoo akifika mbele yake kama mlalamishi, jaji anapaswa kujiondoa katika kesi hiyo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mwanzo. Jaji anayewasaidia "watu wa nyumbani" kwa sababu tu ni wa nyumbani amevunja kiapo chake. Na leo akikupendelea wewe kwa sababu mnatoka kijiji kimoja, kesho atampendelea jirani yako kwa sababu wanatoka ukoo mmoja.

Baada ya Katiba ya 2010, majaji wote waliokuwa kazini walipigwa msasa upya na bodi maalumu. Maraga alipofika mbele ya bodi hiyo na kuulizwa kuhusu hongo, alichukua Biblia akaapa kwamba hajawahi kula rushwa. Alipita. Kufikia hapo alikuwa amepanda hadi Mahakama ya Rufaa, Januari 2012, na baadaye akawa jaji msimamizi wa mahakama hiyo huko Kisumu.

Oktoba 19, 2016, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa 14 wa Kenya baada ya kuhojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, inayojulikana kama JSC. Katika mahojiano hayo ndipo aliposema kwamba Sabato yake haitavunjwa kwa sababu ya kesi.

Chini ya Katiba ya sasa, njia ya kuwa jaji ina hatua zinazoonekana. Anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu au ya Rufaa anahitaji uzoefu wa miaka 10 katika kazi ya sheria. Kwa Mahakama ya Juu ni miaka 15. JSC hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani na kumpelekea Rais majina. Kwa Jaji Mkuu na naibu wake, Bunge la Taifa nalo lazima liidhinishe. Jaji hustaafu akitimiza miaka 70, ingawa anaweza kuondoka kuanzia miaka 65, na Jaji Mkuu hawezi kukaa katika cheo hicho zaidi ya miaka 10.

3. Siku 14 za mwaka 2017

Uchaguzi mkuu ulifanyika Agosti 8, 2017. Agosti 11, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa tofauti ya takriban kura milioni 1.4. Agosti 18, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, Raila Odinga na Kalonzo Musyoka waliwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu.

Hesabu ya siku hapa ni muhimu. Katiba, katika Kifungu cha 140, inatoa siku 7 baada ya kutangazwa kwa matokeo ili kuwasilisha kesi ya kupinga ushindi wa rais. Mahakama nayo ina siku 14 tu za kuamua. Hakuna anayeweza kuongeza hata siku moja, awe jaji au rais.

Kesi hiyo ilihusu zaidi njia ambayo matokeo yalipitia kuliko idadi ya kura. Kulikuwa na vituo 40,883 vya kupigia kura, na kila kimoja kilitakiwa kujaza Fomu 34A na kutuma matokeo kwa mtambo. Walalamishi walisema matokeo yalitangazwa kabla fomu zote kupatikana na kwamba upeperushaji wake haukufuata sheria. Mahakama iliamuru IEBC kuruhusu ukaguzi wa seva zake. Tume haikutii agizo hilo kikamilifu, na kutotii huko kuliifanya mahakama iamini madai ya walalamishi kuhusu mitambo.

Septemba 1, majaji wanne, yaani Maraga, naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola, waliamua kwamba uchaguzi wa urais haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba na sheria, na wakaufuta. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga. Jaji Mohamed Ibrahim alikuwa mgonjwa. Mahakama haikumpata mgombea aliyetangazwa mshindi na kosa lolote la kibinafsi. Kosa liliwekwa kwa tume. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani.

Msingi wa uamuzi huo ni rahisi kwa mkazi yeyote kuuelewa: uchaguzi ni mchakato mzima, kuanzia usajili hadi tangazo la mwisho. Mtu akileta jibu la hesabu bila kuonyesha jinsi alivyolipata, mwalimu ana haki ya kumwambia arudie.

Rais Kenyatta alisema hakubaliani na uamuzi huo lakini atauheshimu. Siku hiyo hiyo, akizungumza na umati jijini Nairobi, aliwaita majaji hao wakora. Maneno hayo yalikuwa mazito, lakini uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26, ndani ya siku 60 ambazo Katiba inataka. Upinzani uliususia. Kesi zilizopinga uchaguzi wa marudio zilitupwa na mahakama hiyo hiyo Novemba 20, safari hii kwa kauli moja.

Waliomshangilia Maraga Septemba wakamlaumu Novemba, na waliomlaumu Septemba wakanyamaza. Jaji anayefurahisha upande uleule kila mara ndiye wa kutiliwa shaka.

4. Mahakama si mtu mmoja

Kuna siku nyingine ya mwaka huo inayosahaulika. Oktoba 25, siku moja kabla ya marudio, Mahakama ya Juu ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi. Usiku uliotangulia, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi na kujeruhiwa. Asubuhi, majaji wawili tu walifika mahakamani: Maraga na Lenaola. Mahakama hiyo ina majaji 7 na akidi yake ni 5. Jaji Mkuu alitangaza kwamba kesi haiwezi kusikilizwa, na uchaguzi ukaendelea.

Hapo palionekana mpaka mwingine wa cheo. Hata Jaji Mkuu hawezi kuamua peke yake kesi ambayo sheria inataka majaji watano waiamue. Kura yake ni moja kama ya wenzake. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba "nitaongea na Jaji Mkuu, kesi yako iishe" anauza kitu ambacho hakipo.

5. Mvutano na serikali na Bunge

Mwaka 2019, JSC ilipendekeza majina 41 ya kuteuliwa kuwa majaji. Rais hakuyaidhinisha, akisema kuna shaka kuhusu baadhi yao. Maraga alijitokeza hadharani mwaka 2020 na kusema kwamba Katiba haimpi Rais nafasi ya kuchagua majina anayoyapenda. Majaji 34 waliteuliwa Juni 2021, wakati Maraga alikuwa tayari amestaafu, na wengine sita wakaachwa nje.

Athari ya mvutano kama huo hufika hadi vijijini. Mahakama yenye majaji wachache huahirisha kesi. Familia inayongoja uamuzi kuhusu robo ekari ya ardhi huko Gusii, ambako mashamba yamegawanywa tena na tena, huendelea kuishi kwa uhasama na wakati mwingine kwa mapanga.

Septemba 21, 2020, Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, kwa sababu lilikuwa limeshindwa kupitisha sheria ya kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya wabunge. Alifanya hivyo chini ya Kifungu cha 261 baada ya kupokea maombi sita kutoka kwa wananchi. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge halikuvunjwa. Ikumbukwe kwamba aliyesimamisha ushauri wa Jaji Mkuu ni jaji wa ngazi ya chini yake kwa cheo. Hilo halikuwa utovu wa nidhamu. Katika kuamua kesi, jaji hapokei amri kutoka kwa mtu yeyote, hata mkuu wake.

Jambo moja la mwaka huo halikupigiwa kelele, ingawa linagusa wakazi wa vijijini moja kwa moja. Agosti 2020, idara ya mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, inayotambua utatuzi wa migogoro kupitia wazee na jamii. Kwa wakazi wa Gusii, ambako wazee wa etureti bado husikiliza kesi za kijiji, sera hiyo iliweka wazi kwamba kazi yao ina nafasi chini ya Kifungu cha 159 cha Katiba, mradi isikanyage haki za binadamu wala kwenda kinyume na sheria.

6. Kisa cha jirani

Kwa nini Katiba inamlinda jaji kiasi hiki? Uganda ina jibu la kusikitisha.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa upande wa Masaka, akasomea sheria London, akarudi kufanya kazi ya uwakili, kisha akaingia siasa. Aliongoza chama cha Democratic Party na akawa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, kabla ya kushindwa katika uchaguzi. Chini ya serikali ya Milton Obote alifungwa. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 alimtoa kizuizini na kumteua kuwa Jaji Mkuu. Wakili, mwanasiasa na jaji katika maisha ya mtu mmoja.

Septemba 1972, Kiwanuka alitoa amri ya kuachiliwa kwa raia wa Uingereza aliyekuwa amezuiliwa bila sheria. Muda mfupi baadaye, watu wa serikali waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala na kumtoa ofisini mwake. Hakuonekana tena akiwa hai.

Kifungu cha 160 cha Katiba ya Kenya kimeandikwa kwa kujua historia za aina hiyo. Kinasema jaji yuko chini ya Katiba na sheria tu. Mshahara wake hauwezi kupunguzwa ili aadhibiwe. Hawezi kushtakiwa kwa uamuzi aliotoa kwa nia njema. Kumwondoa kazini kunahitaji malalamiko kupelekwa kwa JSC, kisha jopo maalumu kuyachunguza. Kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida anayesimama mbele ya jaji akimshtaki mwenye nguvu.

7. Kutoka mahakamani hadi jukwaani

Maraga alistaafu Januari 2021 alipotimiza miaka 70. Martha Koome alichukua nafasi hiyo Mei mwaka huo. Desemba 2022, Rais William Ruto alimteua Maraga kuongoza jopokazi kuhusu hali ya kazi ya maafisa wa polisi na magereza, ambalo liliwasilisha ripoti yake Novemba 2023. Mwaka 2025 alitangaza nia ya kuwania urais na kujiunga na chama cha United Green Movement.

Je, sheria inaruhusu jaji kuwa mwanasiasa? Inategemea ni lini. Akiwa kazini, jaji ni afisa wa serikali, na Kifungu cha 77 kinamkataza kuwa na wadhifa katika chama cha siasa. Wala hawezi kuteuliwa kuwania urais akiwa bado anashikilia kazi ya umma. Akishastaafu, yeye ni raia kama wengine. Atahitaji, kama mgombea yeyote wa urais, kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti kati ya kaunti zaidi ya nusu, yaani angalau kaunti 24.

Kenya si ya kwanza kuona jambo hili. Nchini Marekani, Charles Evans Hughes alijiuzulu kutoka Mahakama ya Juu mwaka 1916 ili kuwania urais, akashindwa, na mwaka 1930 akarudi mahakamani kama Jaji Mkuu. William Howard Taft alitangulia kuwa rais, kisha akawa Jaji Mkuu mwaka 1921.

Wapo wanaoona kwamba jaji akiingia siasa, watu wataanza kuzisoma upya hukumu zake za zamani kwa jicho la chama. Wapo wanaoona kwamba kumnyima raia mstaafu haki ya kuwania ni kumwonea. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini wote wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja: mgombea hupimwa kwa sera anazoleta leo, na hukumu hupimwa kwa ushahidi uliokuwa mezani siku ile.

8. Mkazi wa Kiogoro afanye nini?

Kanuni zilizoamua kesi ya 2017, yaani muda, ushahidi na utaratibu, ndizo zinazoamua kesi ndogo za kila siku. Tofauti ni ngazi tu.

Kupinga uchaguzi wa diwani. Kiogoro ni moja ya wadi 45 za Kaunti ya Kisii. Mpiga kura asiyeridhika na matokeo ya diwani ana siku 28 baada ya kutangazwa kwa matokeo kuwasilisha kesi katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kwa kazi hiyo. Anatakiwa kuweka dhamana ya gharama ya Sh100,000 ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha kesi. Ushahidi wa kwanza ni fomu za matokeo za vituo. Mahakama ina miezi sita kuamua, na anayeshindwa ana siku 30 kukata rufaa katika Mahakama Kuu, kwa masuala ya sheria pekee.

Mpaka wa shamba. Kwa ardhi iliyosajiliwa, mzozo wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi. Mahakama haitausikiliza kabla msajili kuuamua. Wengi hupoteza pesa za wakili kwa kuruka hatua hii. Mzozo wa umiliki huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi.

Deni na madai madogo. Mahakama ya madai madogo husikiliza kesi za hadi Sh1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujiwakilisha. Haishughulikii umiliki wa ardhi, kashfa wala mizozo ya ajira.

Rufaa. Uamuzi wa hakimu katika kesi ya madai hukatiwa rufaa ndani ya siku 30, na katika kesi ya jinai ndani ya siku 14. Anayeshindwa aombe nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo.

Malalamiko. Kushindwa kesi si sababu ya kumshtaki jaji. Dawa ya uamuzi mbaya ni rufaa. Lakini jaji akionyesha mwenendo mbaya, raia yeyote anaweza kuandikia JSC akieleza mambo yaliyotokea. Anayeombwa hongo na mtu yeyote, awe karani au mtu anayejiita mjumbe wa jaji, apige ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Diwani na mbunge. Hawa hutunga sheria, hupitisha bajeti na kufuatilia matumizi ya fedha za umma. Mkazi anayetaka barabara, zahanati au maji ana haki ya kuwabana. Hawana uwezo wa kuamua kesi, na wakimpigia hakimu simu wanavunja sheria.

Maswali ya kujadili barazani

Moja: Jirani anasema amemlipa mtu Sh20,000 ili "amwone jaji". Amepoteza nini zaidi ya pesa? Jibu: amejiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kutoa hongo, na huenda siku zake za rufaa zinaendelea kuhesabika.

Mbili: Jaji anayetoka Nyaribari anasikiliza kesi ya mtu wa Nyaribari dhidi ya mtu wa Kitutu. Ni lazima ajiondoe? Jibu: kutoka eneo moja peke yake hakutoshi. Udugu wa karibu, urafiki, biashara ya pamoja au maslahi katika kesi ndivyo vinavyomtaka ajiondoe, na upande wowote unaweza kumwomba afanye hivyo kwa kutoa sababu.

Tatu: Mwaka 2017 mahakama ilifuta uchaguzi ingawa tofauti ya kura ilikuwa kubwa. Je, inamaanisha kosa dogo katika kituo kimoja cha Kiogoro linafuta uchaguzi wa wadi? Jibu: la. Mahakama hupima uzito wa kosa: kama limevunja misingi ya uchaguzi uliowekwa na Katiba, au kama limeathiri matokeo. Fomu moja iliyosahaulika sahihi si sawa na mfumo mzima wa matokeo usiokaguliwa.

Nne: Kati ya wakili, jaji na mwanasiasa, ni yupi anayeweza kuahidi kwamba atakuwa upande wako? Jibu: wakili anaweza, ndani ya sheria. Mwanasiasa anaweza, na mpiga kura atamhukumu debeni. Jaji hawezi, na mkazi anayempata jaji asiyeahidi kitu ana sababu ya kulala usingizi.